Kamshafti ya Baba Mkwe

Kijana wa kiti cha mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata kamshafti, ule mhimili wa injini unaosukuma vali, imeviringishwa kwa fulana, kama mtoto mwenye homa. Jirani yake, fundi wa kike mwenye ovaroli la gereji, akashindwa kujizuia, akauliza inakwenda wapi.

"Hospitali, kumwonyesha baba mkwe. Alipolazwa aliniachia gari lake niwe naliwasha tu kila Jumapili. Mimi nikalipachika kamshafti ya toleo la mbio, akitoka leo alikute jepesi. Injini ni ileile, dada."

"Jina ndilo lilelile. Hii inasukuma vali chini zaidi, na pistoni za gari la mzee hazina nafasi hiyo. Ulipowasha?"

"Ilikohoa mara moja, ikanyamaza."

"Basi vali zimepinda, shemeji."

Undugu ulikuwa umeshaingia. Kijana alihitaji ndugu yeyote.

"Lakini iliingia vizuri kabisa."

"Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha mume wangu. Sikimbii nacho."

"Nikirudisha ya zamani?"

"Utamvisha maiti suti."

Basi likasimama hospitalini. Kijana hakuinuka. Getini, mzee mwenye begi alikuwa akichungulia kila gari dogo lililopita. Basi letu hakulitazama.