Raba ya Nzioki

"Shosho, sikiza vile upepo unapiga mluzi! Unapitia hapa, kati ya kioo na fremu," fundi wa milango ya magari, jina Nzioki kulingana na ovaroli yake, alimwambia bibi kizee wa dirishani mara tu matatu yetu ilipotoka Thika. Akachomoa mfukoni raba aliyoichonga mwenyewe, akaipachika kwenye ule mwanya. Mluzi ukakatika. "Si nilisema! Si nilisema!" Hata mimi, nisiyesifu mtu ovyo, nilipiga makofi.

Katika kimya hicho, sote tukasikia gurudumu la nyuma likilia krr, krr.

"Ngai, Mungu wangu! Toa hiyo kitu," shosho akasema. "Rudisha upepo."

"Lakini shosho, si afadhali tujue?"

"Kujua kutanifikisha Ruiru?"

Walibishana hivyo hadi gurudumu likakwama na gari likasimama. Ruiru ilikuwa bado mbali.