Viatu vya Mpira Vilivyomshinda Soli

Benchi la fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata juu ya sukari ya kahawa. Jumamosi hiyo asubuhi walibishania moyo wa mwenye benchi, Soli. Hospitali walimwambia msuli wa moyo wake umenenepa, na hilo aliwaeleza wenzake. La pili alilificha: daktari alisema ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, binti yake naye apelekwe akapimwe, na mpaka apimwe asikimbie. Binti mwenyewe anaishi kwa mpira. Basi Soli, anayemaliza kiatu cha mteja kabla kahawa haijapoa, alikuwa amekaa na viatu vya binti chini ya turubai wiki nzima, kila siku akimwambia bado kidogo.

— Msuli umenenepa halafu unanuna? alisema Nondo, mbeba zege. Mimi mkono huu nimeutolea jasho. Wewe umepewa bure.

— Huu wangu umenenepea ndani, alijibu Soli. Chumba cha damu kimebana. Moyo unapiga kwa nguvu, ila kinachotoka ni kidogo. Ndiyo maana nikipanda ngazi naona kizunguzungu.

Bomba, fundi wa mabomba, akadakia:

— Hiyo kazi yangu kabisa. Maji yakitoka kidogo, unazibua. Kunywa maji ya moto na sabuni.

— Sabuni kunywa wewe. Mimi nina vidonge. Vinaupunguzia moyo mbio, upate kujaa kabla haujasukuma. Visipofaa, wapo wanaopasuliwa, msuli ukapunguzwa.

— Kupasuliwa kwa nini? alisema Daktari Geti, ambaye ni mlinzi wa hospitali na cheo alijipa mwenyewe. Kilichonenepa kinanyimwa chakula. Ufungishe moyo. Mwezi mzima usipende mtu, usikasirike, usishangilie timu. Utakonda wenyewe.

— Na mkewe je? aliuliza Bomba.

— Amsalimie kwa mbali.

Hata Soli alicheka. Alikuwa bado anacheka binti yake alipotokea, mkoba begani, kandambili miguuni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Binti akainama, akafunua turubai, akavitoa viatu vyake. Vina soli mpya. Uzi umepita mara mbili. Rangi inang'aa.

— Baba, leo jioni ni fainali. Hivi viatu vina ubaya gani?

Bomba akavigeuza, akavirudisha. Nondo akakunja soli, ikajirudi yenyewe. Daktari Geti, asiyekosa jibu la kitu chochote, akawa anachungulia ndani ya kikombe.

Soli aliogopa. Kufa kwake alikuwa ameshaanza kukuzoea. Alichoogopa ni mtoto huyu kuanguka katikati ya uwanja, na yeye ndiye aliyevishona viatu.

— Viatu havina ubaya, mwanangu. Kaa hapa nikwambie.

Nondo akampisha. Soli akasema yote, bila kumtazama usoni. Binti akalia kidogo, akajifuta kwa mkono. Kisha akavaa viatu vyake palepale, akafunga kamba.

— Unakwenda wapi? aliuliza Soli.

— Hospitali. Na wewe nyanyuka. Mechi ni jioni.

Daktari Geti akaacha kahawa yake na kutangulia kuwafungulia geti la hospitali. Soli akamshika binti mkono.

— Polepole, mama. Kati yetu hakuna anayeruhusiwa kukimbia.