Rejista ya Nne ya Mama Muhuri

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, na nimeombwa nisitie chumvi. Nisingethubutu. Hata leo naogopa ataniuliza ushahidi uko wapi.

Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1977 akahitimu sheria chuo kikuu. Huko bweni alikuwa kiranja wa maktaba, na mwalimu mkuu mwenyewe aliwahi kunyimwa kitabu kwa kuwa alitaka kukichukua bila kusaini.

Mwaka 1981 alifungua ofisi ya notari wa umma, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na hapo ndipo watu walipomwita Mama Muhuri. Kila hati aliyoithibitisha aliiingiza kwenye rejista siku hiyo hiyo: tarehe, aina ya hati, jina la mhusika, kitambulisho alichokiona kwa macho yake, na sahihi. Aliyetumwa kumsainia mwenzake alirudishwa, hata alie. Wateja walinung'unika, lakini nyumba na mirathi za watu wengi zilisalimika kwa ukali huo.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili. Siku ya ndoa alimwomba bwana harusi kitambulisho mbele ya wazazi wa pande zote. Shemeji alikuwa nacho mfukoni. Alishamjua mtu wake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akaamua kustaafu. Notari anayestaafu hukabidhi rejista zake zote na muhuri kwa msajili, na rejista ya nne haikuonekana. Humo mlikuwa na wosia na mauziano ya watu ambao wengine wao wameshafariki. Bila rejista hiyo, mjanja yeyote angeweza kuwakana yatima mchana kweupe. Dada alikonda kwa ugonjwa, lakini usingizi aliukosa kwa ajili ya rejista. Tulipekua darini, uvunguni, hadi kwenye masanduku ya vyombo, na kila tuliporudi mikono mitupu aligeukia ukutani.

Ni shemeji aliyekumbuka kwamba zamani mkewe alirudi nyumbani amenuna, akilalamika kuwa karani wa mahakama anasaini kama mtu anayefukuza nzi. Tukaenda mahakamani. Rejista ilikuwa stoo, ilichukuliwa kuwa kielelezo katika kesi ya kiwanja na haikurudishwa. Dada alikuwa ameandika yote: nani ameichukua, lini, kwa amri gani, na karani amesaini. Ila kwa mazoea aliandika mle mle ndani ya rejista, nayo ikaondoka na maelezo yake.

Tulipomweleza, hospitalini alikolazwa, alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

"Jamani," akasema, "nimefunga mlango na ufunguo nimeuacha ndani."

Tarehe 14 Juni 2023 binti mkubwa alikabidhi kila kitu kwa msajili, akaja hospitalini na stakabadhi. Dada aliisoma mwanzo hadi mwisho.

"Na hii utaiweka wapi?"

"Kabatini nyumbani, Mama. Siyo ndani ya rejista."

"Haya. Sasa naweza kulala."

Na alilala kweli, baada ya miezi ya kukesha. Alifariki asubuhi ya tarehe 17, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji. Tunalia, ndugu zangu, lakini kusema kweli tumeshusha pumzi, maana tuliogopa sana ataondoka na dukuduku lile.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake ambao mpaka leo hatusaini kitu bila kukisoma.

Dada, umekabidhi vyote, na vyote vimepokelewa. Pumzika.