Mashua ya Chepkorir

Kaeni chini nyote, na wewe Kipkirui weka simu mfukoni, kwa sababu leo baba yenu anaongea, na sauti niliyobaki nayo ni kidogo. Pasta Sagini, sogea hapa karibu na kitanda, na wewe Nyakerario mwenye duka, jirani yangu wa miaka thelathini, kaa upande huu. Ninyi wawili ndio mashahidi. Hamrithi kwangu hata kijiko.

Shamba nimeshagawa. Upande wa juu ni wa Kipkirui, upande wa chini pamoja na ng'ombe ni wa Kipkosgei, na mipaka mnaijua, msije mkamsumbua chifu. Neno langu ni ile mashua ya tanga iliyosimama katikati ya majani chai, ambayo mnaichukia kama mke wa pili wa baba.

Mnajua ilikotoka. Yule Mzungu niliyemfanyia useremala kwa estate ya chai aliiacha Kilifi ikioza, akanipa alipokuwa anarudi kwao, nikaileta kwa lori mpaka hapa Sotik kwa sababu karakana yangu iko hapa, nikang'oa mistari minne ya chai ipate mahali pa kusimama. Majirani walicheka, nikawaacha wacheke. Miaka minane nimebadilisha mbao zote za juu, nimeweka injini ya dizeli, matangi ya maji ya kumtosha mtu mwezi mzima, sola, redio, na ile mashine ya nyuma inayoshika usukani kwa nguvu ya upepo, mwenye mashua akilala. Hiyo si mashua ya kuzunguka ufuoni. Ni ya kwenda Ushelisheli na kurudi.

Na ninyi mlifanya nini? Kipkosgei, ulikata tanga kubwa vipande vitatu ukaanikia mahindi. Kipkirui, uliona maji ya mvua yamejaa ndani, ukachukua drili ukatoboa chini yatoke, halafu ukaniambia, "Mzee, nimekusaidia." Hasira hiyo nimekaa nayo mwaka mzima na bado ninayo. Jackton, fundi wa kiwandani, ndiye aliziba hilo tundu. Dada yenu Chepkorir alishona tanga jipya kwa cherehani yake hapo sokoni, na ni yeye peke yake katika nyumba hii aliyeenda Mombasa akasomea kuendesha mashua mpaka akapewa cheti.

Kwa hivyo mashua ni yake. Mnasema msichana aliyeolewa harithi kwa baba. Hiyo desturi ni ya shamba na ng'ombe, na nimeifuata. Nionyesheni mzee mmoja wa Kipsigis aliyewahi kugawa mashua, ndipo nifuate desturi yake.

Nilisema haya haya mwezi wa tatu. Nilisema kwa mdomo kwa sababu karatasi niliyoandika ilipotelea kwa kabati ya Kipkirui. Mkaenda kwa wakili kule Bomet, akawaambia wosia wa mdomo unashika tu kama mwenye kuusema amekufa ndani ya miezi mitatu. Mlirudi mkiwa watoto wazuri ajabu. Gari mpaka hospitali Longisa kila wiki, maziwa ya mursik asubuhi na jioni, blanketi mpya, Kipkosgei ananiosha miguu. Nilifikiri mmenihurumia, nikalia. Jumapili miezi mitatu ikaisha. Jumatatu hakuna aliyeniuliza nimeamkaje, ila mtu mmoja wa Londiani alikuja na futi kupima mashua, anataka kuiweka kando ya barabara auze chipsi ndani.

Pasta, andika tarehe ya leo. Tunaanza kuhesabu upya. Mashua ni ya Chepkorir, na Jackton aende naye mpaka iguse maji. Mimi mnizike pale iliposimama, kwa hivyo itabidi itoke kwanza.

Kuwalaani sitaki... na nguvu hiyo sina. Kipkirui, Kipkosgei, Mungu awape uzee mrefu, na watoto wa kuwatunza vile mlivyonitunza. Hiyo ndiyo baraka yenu, itikieni amina.

Chepkorir... njoo, nishike mkono. Usilie, mama. Miezi mitatu ni mingi. Sitaimaliza.