Mama Nukta, Mchoraji wa Vipuri Vyetu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mchoraji wetu mkuu anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hapa karakanani utazungushwa mlango hadi mlango. Muulizie Mama Nukta.

Alianza na penseli, rula na ubao ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa mpana kuliko kitanda chake. Kompyuta zilipoingia, wenzake waliomba kuhamishiwa stoo. Yeye akavuta kiti. Siku ya kwanza alifungua mchoro wa gia uliotumwa na kiwanda cha nje, akaona kioo kitupu chenye kidoa katikati. Akatoa leso, akafuta. Kidoa kikagoma. Akatia mate kidogo, akafuta tena. Kumbe kidoa ndicho gia yenyewe: wale walichora kwa mita, kompyuta yetu ikasoma milimita! Alicheka mpaka akashika mbavu, na jina likamganda palepale.

Tangu hapo kazi yake ikawa kupokea vipuri vilivyochorwa kwingine na kuvipa vipimo halisi kabla chuma hakijakatwa.

Haikuwa raha tupu. Mwaka pampu ya hospitali ilipopasuka kifuniko, mchoro pekee uliopatikana ulikuwa wa pampu kubwa zaidi. Mama Nukta akaupunguza wote kwa pamoja hadi upana ukalingana. Kifuniko kikachongwa, kikapelekwa. Upana ulikaa barabara, lakini matundu ya bolti nayo yalikuwa yamesinyaa na kusogeleana. Hakuna bolti iliyopenya. Wodi ya wazazi ikabaki inatekewa maji kwa ndoo.

Meneja alitaka kumlaumu fundi mchongaji. Mama Nukta akasimama mbele ya wote: “Mwacheni kijana wa watu. Amechonga nilichochora mimi.” Akaenda mwenyewe hospitalini, akawaomba radhi wauguzi, akapima kifuniko kilichopasuka tundu kwa tundu. Aliporudi, alipunguza upana tu na kuyaweka matundu mahali pake. Kesho yake maji yalitoka, na muuguzi mkuu akapiga simu kutusikilizisha bomba likibubujika. Fundi mchongaji yule leo ndiye msimamizi wa karakana, na ndiye aliyeng’ang’ania kulipia keki ya kumuaga.

Wengi wetu tumefundishwa na Mama Nukta kutenganisha kinachobadilika na kisichoguswa. Alitufundisha kwa utani, kwa chai, na mara nyingine kwa kutuvuta sikio.

Sasa anasema atajifunza kuogelea, kitu alichokiogopa maisha yake yote. Mumewe, fundi cherehani, ameshamshonea vazi, na wajukuu wameshajipangia zamu za kumfundisha.

Asante, mama yetu. Tunakuombea afya, vicheko na mapumziko marefu. Na maji yakikuzidi, piga kelele tu: karakana nzima itakuja mbio, hata sisi tusiojua kuogelea.