Benedikta Aliyewaamkia Watoto

Marehemu Benedikta alinijia nyumbani Usagara Februari 1985, akitafuta sabuni ya wodi yake ya watoto. Madukani haikuwepo, mimi nilikuwa nayo uvunguni. Nikamwambia, "Dada, sabuni utapata. Kwanza nitazamie mwanangu." Loveness, wa miaka sita, alikuwa ameungua kwa kibatari. Miezi mitatu ya kubanduliwa bendeji hospitalini ilimfunga kinywa. Benedikta akacheka: "Mama Loveness, wewe hata msiba unauweka kwenye mizani."

Marehemu alizaliwa Maramba tarehe 14 Mei 1957, mtoto wa tatu wa mkata mkonge. Alisoma hukohuko, akahitimu uuguzi mwaka 1978 na kupangiwa wodi ya watoto mjini Tanga.

Mwaka 1984 alikwenda semina ya kutibu moyo wa mtoto aliyeumizwa na ugonjwa na matibabu. Walifundishwa kumketisha mtoto na kumwuliza yaliyomkuta. Wodini watoto hawakujibu. Mtoto wetu akihojiwa na mkubwa huinamisha kichwa, ndivyo tulivyomlea. Basi marehemu akageuza: mtoto awe nesi, yeye mgonjwa.

Kwangu alijifunga bendeji mkononi, akakaa chini mkekani. "Shikamoo, nesi," akamwambia Loveness.

Mama yangu akang'aka, "Mtu mzima anamwamkia mtoto? Mnamtafutia laana huyu."

"Bibi, leo mkubwa ni yeye."

Alikuja wiki tano bila mafanikio. Ya sita, Loveness akaishika ile bendeji. "Marahaba," akasema. "Itauma. Nitakwambia ikiisha."

Marehemu akayabeba maneno hayo hadi wodini, na hakuruhusu tena nesi amwambie mtoto kwamba haiumi.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu Mathew. Walijaliwa mtoto mmoja, Eliudi.

Aprili 1995 aligundulika na saratani ya titi. Biashara ilikwisha kufunguliwa, dawa nikizisaka nazipata, ila ugonjwa ulikwisha kututangulia. Alifariki Jumanne, tarehe 19 Machi 1996, saa tisa alasiri. Eliudi alikuwa amekaa kitandani kwake.

Ameacha mama yake, Ruthi, mumewe, Mathew, sisi mawifi, na Eliudi, miaka minane, ambaye tangu Jumanne hajatamka neno. Katika mapatano yetu mimi ndiye niliyefaidi: nilirudishiwa mtoto wangu. Wake tumeachiwa, na aliyejua kumfungua kinywa ndiye tunayemzika leo.

Bwana ampumzishe pasipo maumivu.