Kigingi Katika Mtama wa Mama

Bwana Meneja, Mchungaji wetu, Mzee Okello mnyapara, Mwalimu Naftaly, wazazi mliokuja na vikapu vya chai bado mgongoni, nanyi wanafunzi wangu: tangu likizo ya Agosti masikioni mwangu kuna mlio wa nyundo juu ya mti. Mlio huo ndio unaoniondoa Kericho.

Nilikuwa kwetu, Kavirondo ya Kusini. Mzungu mtafuta dhahabu, mwenye laiseni, alikuwa anapigilia vigingi vya mpaka wa machimbo yake katika mtama wa mama yangu, Bilhah, ambaye ni mjane. Mkalimani wake akasema, "Mama, kigingi hiki ni cha serikali. Mkono wa mtu usikiguse."

Mama hakukigusa. Alikitazama, akaona kimechongwa vizuri na kimesimama imara, na kwetu kigingi ni cha kufungia ng'ombe. Akakitupia kitanzi cha kamba, akamfunga fahali wake. Asubuhi fahali alikuwa kwenye viazi vya jirani, anaburuta kigingi cha serikali.

Mzungu akarudi amewaka. "Nani amekihamisha?"

"Muulize mwenye pembe, bwana. Mkono wangu sikuuweka."

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini ni nani kati yetu angejibu hivyo, hana mume wa kumsimamia, na shemeji zake wamekwisha kukubali kuhama? Mimi ni mtoto wa mwanamke huyo, na leo nalisema mbele yenu kwa fahari.

Mambo yamefika kwa Bwana Shauri, mzungu wa serikali anayeamua kesi za wilaya. Mwezi ujao ataamua kama mama atavuna hapo tena au ataondoka. Laiseni ni ya Kiingereza, na maneno ya mama ni ya Kijaluo.

Mzee Okello, juzi penye mizani uliniuliza, "Mwalimu, unaacha kazi nzuri kwa ajili ya kipande cha mtama?" Nakujibu leo. Ndio mtama ulionisomesha, mzee wangu. Ninyi nanyi mliwatoa binti zenu kwenye kuchuma, mkaniletea darasani, watu wakiwacheka. Je, niwafundishe kusoma, kisha niogope kusoma mahali panapohitajika?

Kwa hiyo sikusimama hapa kuomba ruhusa. Jumamosi nilikwenda Kisii, nikaandikisha jina langu kwa karani wa Bwana Shauri kuwa msemaji wa mama yangu katika shauri hilo. Funguo za darasa anazo Mwalimu Naftaly.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.